Kabla ya jezi, pangeni safari ya kurudi nyumbani

Wanaoniuliza namna ya kuanzisha klabu ya raga ya wanawake karibu wote huanza na jezi. Rangi gani, fundi yupi, nembo iwe mnyama gani, maana simba jike ameshachukuliwa na timu yetu ya taifa, Lionesses. Mimi huwajibu kwamba jezi inaweza kungoja hata msimu mzima. Mtafanya mazoezi na fulana za mitumba na mpira hautajua tofauti. Kisichoweza kungoja ni swali lisilo na mvuto wowote: mazoezi yakiisha jioni, yule anayekaa mbali kuliko wote atafika kwake saa ngapi, na kwa usafiri gani?

Nimeona vikosi vyenye mbio na nguvu vikipukutika mchezaji mmoja mmoja, na ukifuatilia hukuti kwamba mchezo uliwashinda. Unakuta mzazi anayefunga lango saa mbili usiku, mume aliyechoka kupakulia watoto peke yake, mwajiri wa zamu za jioni, nauli ya boda iliyopanda mara mbili baada ya giza. Klabu ya wanaume inaweza kuishi miaka mingi bila kuliwaza jambo hili. Ya wanawake haiwezi.

Huku kwetu kwenye ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Hatuna kiangazi cha kutuongezea mwanga hadi usiku kama wenzetu wa Ulaya. Wengi wanatoka kazini saa kumi na moja. Viwanja vyenye taa ni vya kuhesabu, na penye taa pana bili ya umeme ambayo mwenye uwanja atataka mchangie. Basi kati ya kazi na giza mna kama saa moja na nusu, foleni ya magari ikiwamo. Ukikopi ratiba ya wanaume ya Jumanne na Alhamisi hadi saa moja na nusu usiku, umeshawachuja wachezaji wako kwa kigezo kisichohusiana na raga.

Chukueni daftari. Andikeni majina ya wote waliosema watakuja, na mbele ya kila jina mambo matatu: anatoka kazini au masomoni saa ngapi, anakaa mtaa gani, na nani hubaki na watoto wake. Hapo ndipo ratiba inapotoka. Mtagundua kwamba mama mboga hawezi Jumamosi asubuhi kwa sababu ndiyo siku yake kuu ya mauzo, kwamba muuguzi hubadilishiwa zamu kila wiki, kwamba wanafunzi wa chuo wako huru saa tisa alasiri na wanakaa bure wakiwangoja wengine. Klabu moja ya mji wa kati itafaidika na jioni moja fupi katikati ya wiki na kikao kirefu Jumapili baada ya ibada. Nyingine, yenye wachezaji wengi wa chuo, itafanya alasiri tatu. Msione haya ratiba yenu kuwa tofauti na ya klabu kubwa ya Nairobi.

Kuhusu kurudi, wagawieni wachezaji kwa njia wanazopita, si kwa urafiki. Wa njia moja wanaondoka pamoja, na hakuna anayeachwa stejini peke yake. Tengeni kiasi kidogo cha nauli, kidogo kweli, kwa siku ambazo mazoezi yamechelewa au mvua imeondoa matatu barabarani; anayekihitaji akiombe kwa meneja wa timu faraghani, asitajwe mbele ya watu. Na muwe na desturi ya ujumbe wa kufika. Katika klabu inayoendeshwa vizuri, ikifika saa moja unusu hivi kundi la WhatsApp huanza kujaa neno moja: nimefika, nimefika, nimefika. Meneja ana orodha mkononi na anaweka alama. Jina likibaki bila alama anapiga simu, na asipopokelewa anampigia mtu wa nyumbani ambaye nambari yake iliandikwa siku ya kujisajili. Kazi hiyo inachukua dakika chache, na ndiyo inayomfanya mzazi mkali aseme mwenyewe, "nenda, lakini ukifika tuma ujumbe."

Watoto waje uwanjani. Aliye majeruhi, au anayengoja zamu yake, akae nao upande wa mbali na mstari, na kazi hiyo izunguke kwa orodha. Asiachiwe yule yule msichana mpole kila siku mpaka naye aache kuja.

Sasa hesabu ya watu. Anzeni na raga ya wachezaji saba. Nasema hivyo nikijua kuna wanaopenda kumi na tano na skramu nzito, nami ni mmoja wao. Timu ya saba inahitaji kumi na wawili siku ya mechi: saba ndani, watano benchi, vipindi viwili vya dakika saba. Timu ya 15 hucheza dakika 80, na kikosi kamili ni 23, ambamo lazima wawepo wachezaji sita waliofunzwa kucheza safu ya mbele ya skramu. Hao sita hawaokotwi. Ukimweka pale msichana mwenye mwili mkubwa ambaye hajafunzwa kuelekeza shingo na mgongo, unacheza na uti wake wa mgongo. Sheria inajua hivyo, ndiyo maana timu isiyo na watu waliofunzwa hulazimika kucheza skramu zisizosukumana. Kati ya hizo mbili kuna raga ya wachezaji kumi, ambayo ni njia nzuri ya kuanza kuwalea mafowadi.

Kwa kumi na wawili wa Jumamosi mnahitaji takriban ishirini kwenye daftari. Mitihani, misiba, zamu na vifundo vya mguu vitawachukua wanane bila kuwauliza.

Raga ya saba pia ndiyo mlango uliofunguka kwetu. Mchezo huo uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Rio mwaka 2016, na Kenya ilipata nafasi upande wa wanawake baada ya kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini kukataa nafasi ambayo timu yake ilikuwa imeishinda barani, Kenya ikiwa ya pili. Philadelphia Olando na Janet Okelo walikuwa Rio, wakawa tena Tokyo. Msichana wa shule ya upili leo anaweza kuukuta mchezo huo kwenye michezo ya shule kabla hajajua kwamba kuna klabu mjini kwao. Raga ya 15 nayo inapanda. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2025, England ilipoifunga Canada 33-13 pale Twickenham, ilitazamwa uwanjani na watu 81,885. Lakini katika kombe hilo Afrika imekuwa ikiwakilishwa na Afrika Kusini pekee, na sisi tutafika huko kwa kuwa na klabu nyingi zenye mafowadi waliokomaa, jambo linalochukua miaka. Msiwe na haraka ya kufika kumi na tano.

Uwanja ni suala la mkataba kuliko nyasi. Timu nyingi za wanawake Kenya zimekua ubavuni mwa klabu za wanaume, kama ilivyo kwa Mwamba na Impala jijini Nairobi na kwa Nakuru kule Bonde la Ufa. Njia hiyo ina faida: milingoti ipo, mipira ipo, refa anapajua, na kuna kantini. Hasara yake ni kwamba mnaweza kuwa wageni wa kudumu. Wanaume wakiwa na mechi muhimu wiki hiyo, mnasogezwa kwenye kona yenye mawe. Vifaa vikinunuliwa, mnapata vilivyochakaa. Dawa yake ni karatasi. Kabla ya kukubali kuwa idara ya wanawake ya klabu yoyote, andikeni nao mnachokubaliana: siku na saa ambazo uwanja ni wenu, funguo zinakaa kwa nani, mnapata sehemu gani ya mapato ya lango na kantini, na mna viti vingapi vyenye kura katika kamati kuu. Kiti cha kualikwa "kutoa maoni" si kiti. Wakikataa kuandika, mmeshajua mtakavyotendewa.

Kama mtafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule au wa kaunti unaotumiwa na soka, msihangaike na milingoti mwanzoni. Mtu hujifunza kupasi, kukaba na kusaidia bila mlingoti hata mmoja. Yako mambo mengine yanayohitaji kukaguliwa kabla ya kusema ndiyo. Chumba cha kubadilishia nguo kiwe na mlango unaofungika kwa ndani. Choo kiwe na maji na pipa lenye kifuniko. Njia kutoka langoni hadi barabarani ipitiwe kwa miguu na mmoja wenu wakati ule ule mtakaokuwa mnaondoka, aone mwenyewe ikoje.

Kamati isizidi watu saba, na kila mmoja awe na kazi inayotajika. Mwenyekiti, katibu, mhazini, meneja wa timu, mratibu wa mechi, msimamizi wa afya, na mlezi wa wachezaji ambaye nitamrudia. Nahodha aongoze uwanjani. Kocha afundishe. Ugonjwa mkubwa wa klabu changa ni mwanamke mmoja hodari anayebeba yote: ndiye nahodha, ndiye anayepanga magari, fedha ziko kwenye simu yake, jezi zinaoshwa kwake. Watu humsifu, naye hujivuna kidogo, kwa haki. Halafu anapata kazi Qatar au anajifungua, na klabu inafungwa mwezi huo huo. Kila kazi iwe na mtu wa pili anayeijua, hata kama wa pili huyo hana cheo.

Upande wa sheria, Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilianzisha ofisi ya Msajili wa Michezo, na inatambua ngazi tatu: klabu, chama cha michezo cha kaunti, na shirikisho la taifa. Mnahitaji katiba, orodha ya maofisa na kumbukumbu za kikao kilichowachagua. Katiba iwe fupi na mjue kila kifungu chake. Nimesoma katiba za klabu ndogo zilizonakiliwa kutoka kwa mashirika makubwa, zina kamati ya nidhamu ya rufaa lakini hazisemi nani anaitisha mkutano mwenyekiti akitoweka. Baada ya usajili, jiungeni na Chama cha Raga cha Kenya, KRU, ili muingie kwenye ratiba ya mashindano yake na mjue masharti ya usajili wa wachezaji mapema. Mratibu wa mechi asingoje ratiba ya taifa tu. Awatafute majirani. Mechi za kirafiki na timu iliyo umbali wa saa mbili kwa matatu ndizo zinazowafanya wachezaji wapya wabaki.

Kwenye fedha, wanawake wengi mnaijua kazi hii kuliko mnavyofikiri, kwa sababu mmelelewa kwenye chama. Leteni nidhamu ile ile: siku ya kulipa inajulikana, daftari liko wazi, anayechelewa anaeleza. Tuseme mko 24 na kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa mwezi. Hiyo ni 4,800. Kwa msimu wa miezi minane ni 38,400 wakilipa wote, na hawatalipa wote. Pangeni matumizi kwa theluthi mbili ya hizo, yaani 25,600, na zitakazozidi ziwe heri. Mwanafunzi au asiye na kazi alipe nusu, au alipe kwa kazi: kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa, kuwa mweka alama, kutunza mipira. Kazi hiyo iandikwe daftarini kama malipo mengine, asije mtu akamwita mpanda bure.

Fedha zisikae kwenye laini ya mtu. Fungueni akaunti ya benki ya klabu yenye watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa, na wasiwe ndugu wala wapangaji wa nyumba moja. Michango iingie kwa nambari ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la klabu. Kila mwisho wa mwezi mhazini atume taarifa kwenye kundi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, pamoja na picha za risiti. Aitume hata mwezi ambao hakuna kilichofanyika. Ugomvi wa fedha kwenye klabu mara chache huanza na wizi. Huanza na miezi mitatu ya kimya, kisha mtu mmoja akaonekana na simu mpya.

Na zitatumika wapi? Safari ndiyo itameza nyingi. Kutoka Nakuru hadi Mombasa kwa mashindano ya siku mbili ni basi, malazi na milo mitano kwa watu kumi na watano, na hakuna ada ya mwezi itakayotosha. Kwa hiyo chagueni mashindano mawili ya mbali kwa msimu na muyachangie mapema kwa harambee, kwa kuuza chakula siku za mechi za nyumbani, kwa chochote mnachokiweza. Timu zinazokubali kila mwaliko huishia kuwalaza wachezaji sakafuni na kuwarudisha na deni.

Kwa mfadhili wa mtaani, ombeni vitu kabla ya fedha. Mwenye duka la dawa atatoa bandeji na barafu. Kiwanda cha mkate kitatoa mkate. Sako itakubali kuchapa jezi kama itaruhusiwa kuja kuongea na wachezaji kuhusu akiba. Barua iwe ya ukurasa mmoja, iseme mna wachezaji wangapi, mnacheza wapi na lini, na jina la mfadhili litaonekana wapi. Neno "msaada" liondoeni humo. Ila kama mna wasichana wa chini ya miaka 18, kataeni jina la pombe au la kamari kifuani mwao, hata kama kampuni hiyo ndiyo pekee iliyojibu barua.

Mgeni wa kwanza. Anakuja amevaa leggingi na viatu vya kukimbilia, anasimama karibu na ua, mkoba begani, yuko tayari kuondoka. Mtu mmoja, aliyetajwa mapema, amwendee kabla hajaufikia mstari, amwambie jina lake, ampe mpira ashike. Siku hiyo asikabwe. Siku ya pili au ya tatu afundishwe kuanguka, na hili lifanywe taratibu. Anaanza akiwa amepiga magoti kwenye nyasi, mpira kifuani, kidevu kimeinamishwa, anaanguka ubavu: nyonga, kisha bega. Mkono haunyooshwi kuuzuia mwili, maana hapo ndipo kifundo huvunjika. Kisha mwenzake naye apige magoti, amkabe polepole: macho wazi, bega lifike kwanza chini ya mbavu, kichwa kipite upande wa nyuma ya mwili wa anayekabwa, kisitangulie mbele yake, mikono ifunge na ishike. Kocha anapaswa kuona kila kichwa kimekaa wapi. Wakishafanya vizuri kwa magoti, mmoja asimame. Kisha wote wawili, wakitembea. Kukimbia ni baadaye kabisa. Mara nyingi mgeni aliyekuja na woga ndiye huondoka akicheka kuliko wote siku anapogundua kwamba ameangushwa na hajaumia.

Raga ina nafasi ya kila umbo. Msiseme hivyo kwenye bango la kuandikisha wachezaji kisha mkawafanya wazito wakimbie mizunguko ya adhabu mbele ya wembamba. Mchezaji mzito apimwe kwa kazi yake: anasimama haraka kiasi gani baada ya kuanguka, anamwinua mwenzake, anaushika mpira chini ya shinikizo.

Afya sitaipitia haraka. Kila mtu avae kikinga meno kwenye mazoezi ya kugusana, na kile cha kuchemsha na kuuma kinatosha kwa kuanzia. Kila kikao kianze na mazoezi ya kupasha mwili yaliyopangwa. World Rugby ina mpango wake uitwao Activate, unapatikana bure mtandaoni, una mazoezi ya shingo, goti na usawa wa mwili. Wanawake huumia kano za goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume katika michezo ya kukimbia na kugeuka ghafla, kwa hiyo dakika za mazoezi hayo si za kurukwa siku mkichelewa. Punguzeni kitu kingine. Mtandaoni huko huko kuna kozi za bure za huduma ya kwanza na mtikisiko wa ubongo. Fanyeni iwe sharti kwa kocha, meneja na msimamizi wa afya kuzimaliza kabla ya mechi ya kwanza.

Kuhusu mtikisiko wa ubongo, kanuni ni moja: ukishuku, mtoe. Mchezaji aliyegongwa kichwa na sasa anayumba, anatapika, anauliza matokeo mara mbili, au ametulia kuliko kawaida yake, anatoka na harudi siku hiyo. Haendi nyumbani peke yake, na hapandi boda. Akilalamika shingo, asisogezwe mpaka aje mtu aliyefunzwa. Kwa klabu za kawaida, mwongozo wa World Rugby ni kwamba asirudi kwenye mechi kabla ya siku ya 21, na arudi kwa hatua, bila dalili, daktari akiwa amemwona. Uamuzi wa kumtoa uwe wa msimamizi wa afya, na kocha asiwe na uwezo wa kuupinga. Andikeni hilo kwenye katiba. Dakika ya mwisho, timu ikiwa nyuma kwa pointi mbili, hata kocha mwema hupofuka.

Mifuko ya huduma ya kwanza iwe na sodo na kaptula ya akiba. Mwaka 2023 timu ya taifa ya wanawake ya Ireland iliacha kaptula nyeupe ikachukua za buluu iliyokolea, kwa sababu wachezaji walisema hofu ya hedhi inawaondolea akili mchezoni. Basi mtakapofika kwa fundi wa jezi, hilo moja limeshaamuliwa: kaptula nyeusi au za rangi iliyokolea. Sidiria nzuri ya michezo ni kifaa kama kiatu, na ikiwezekana iingie kwenye bajeti au kwenye maombi ya mfadhili. Kwa wasomaji wa Pwani, wanaouliza kila mara: sheria za mchezo zinamruhusu mwanamke kuvaa suruali ndefu ya kubana na kujifunika kichwa, mradi kitambaa kisihatarishe mtu. Fundi wa Mombasa atashona kinachokaa bila pini. Mwenye mimba aache raga ya kugusana mara tu anapojua, na arudi baada ya kujifungua kwa ruhusa ya daktari na ratiba yake mwenyewe. Jina lake lisifutwe kwenye kundi katikati ya hapo. Wengi hupotelea hapo kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba bado ni wanaklabu.

Nilisema nitamrudia mlezi wa wachezaji. Huyu ni mtu ambaye mchezaji anaweza kumweleza kwamba kocha anamtumia ujumbe usiku, au kwamba mwenzake anamdhalilisha, na akaaminiwa. Asiwe mke, mume, ndugu wala mtegemezi wa kocha. Kanuni zenyewe ziandikwe na zisomwe kwa sauti mwanzoni mwa msimu: kocha hamwandikii msichana wa chini ya miaka 18 faraghani, anaandika kwenye kundi au kupitia mzazi, hakuna mtu mzima anayelala chumba kimoja na mtoto safarini, kocha hana uhusiano wa kimapenzi na mchezaji anayemchagua au kumwacha kikosini. Hili la mwisho litawaletea manung'uniko, hasa klabu ikiwa na kocha kijana. Msilegeze. Na malalamiko yawe na njia ya kutoka nje ya klabu: chama cha raga, dawati la jinsia kituo cha polisi, simu ya bure 116 kwa watoto na 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Bandikeni nambari hizo ndani ya mlango wa choo, mahali ambapo mtu anaweza kuzinakili bila kuonekana.

Siku ya mechi ya nyumbani haina siri nyingi. Mthibitishieni refa siku mbili kabla. Pigieni hospitali iliyo karibu mjue nani yuko zamu, na kama hamna ambulensi, gari la mtu mmoja lisimame likiangalia lango, ufunguo kwa meneja. Maji mengi. Baada ya mechi wageni wale kwanza: chapati na maharage, au pilau kama kuna mpishi. Ni mila ya raga kila mahali kuketi pamoja na uliyekuwa ukiangushana naye, na ndiyo njia ya kupata mwaliko wa kwenda kwao.

Mwaka wa pili au wa tatu mtaanza kubadilisha uongozi, na huu ndio mtihani ambao klabu nyingi hufeli. Kila ofisa awe na faili moja tangu siku ya kwanza. Katibu: katiba, cheti cha usajili, kumbukumbu za vikao. Mhazini: taarifa za benki na risiti kwa mwezi. Meneja: orodha ya wachezaji, watu wa kupigiwa simu, nani ana pumu, nani ana mzio wa dawa gani, na orodha hiyo ikae kwa siri kwa sababu ni habari za watu. Mratibu: majina ya klabu jirani na simu zao. Faili zikabidhiwe mbele ya mkutano mkuu, yule anayeondoka na anayeingia wakitia saini. Kisha hao wawili waende benki pamoja wiki hiyo hiyo wakiwa na kumbukumbu za mkutano na vitambulisho, wabadilishe watia saini. Ikiachwa hadi mwezi ujao, mmoja atakuwa amehamia Eldoret, na fedha za basi zitakaa zikingoja saini yake.